Mlango wa Bi Brömse

Bi Adelheid Brömse alizaliwa tarehe kumi na tisa Septemba, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka themanini na moja. Mama mzazi nilikuwa mimi. Mkunga alikuwa Swantje, ninayelala naye chumba kimoja bwenini, na kazi yake ilikuwa kushika gundi. Tulimbandika, jina lake juu ya kipande cha karatasi, kwenye sanduku la barua la nyumba ya bawabu wa shule, ambayo ilikuwa tupu tangu bawabu astaafu, kisha tukarudi nyuma hatua tatu kumtazama mtoto.

"A. Brömse," Swantje alisoma. "Maskini. Amekaa upande."

"Amefiwa na mume," nikasema. "Mheshimu."

Kwetu mtu huwa yupo rasmi siku jina lake linapokaa kwenye sanduku la barua. Mleta barua haulizi cheti cha kuzaliwa. Husoma jina, hutumbukiza, hupanda baiskeli yake. Kufikia wiki ya pili Bi Brömse alikuwa ameshaletewa tangazo la miwani na mwaliko wa kuchangia damu, na mama mleta barua alikuwa ameanza kumsifu.

"Huyu bibi wenu ni mtu wa maana sana," aliniambia getini. "Mtaa mzima huu, ni yeye peke yake asiye na mbwa."

Lakini sikumzaa kwa ajili ya matangazo ya miwani. Nilimzaa ili baba yangu amwandikie.

Baba yangu, Reinhold Lütkemeyer, alikuwa mjumbe wa bodi ya Kiwanda. Nyumbani kwetu hakuna anayeuliza kiwanda gani. Nusu ya mji hutengeneza magari na nusu nyingine huwauzia mikate wanaotengeneza magari, na ukija langoni na gari la kampuni nyingine unaelekezwa ukaliegeshe kule mwisho, kando ya shamba la viazisukari, utembee kwa miguu dakika kumi na tano ukitafakari makosa yako. Baba aliingia humo akiwa na miaka kumi na sita, mwanagenzi wa karakana, mtoto wa mpaka rangi. Akasoma shule ya jioni. Akawa mhandisi wa bawaba, kisha mkuu wa milango, kisha mkuu wa vyote vinavyofunguka na kufungwa, na hatimaye akapelekwa ghorofa ya kumi na kupewa kalamu ya wino wa kijani. Wino wa kijani Kiwandani ni wa wajumbe wa bodi peke yao. Mwingine akiutumia, hata kwa kuandikia orodha ya sokoni, watu hushusha sauti.

Dereva wake, Bwana Kubitza, aliniapia kuwa baba anaweza kusimama amekupa mgongo, ukafunga mlango wa gari, akakuambia bawaba ipi haina grisi na wewe una ugomvi na nani nyumbani.

Mimi na baba tulikuwa hatugombani. Kugombana kunahitaji watu wawili chumba kimoja. Mama aliondoka nilipokuwa na miaka tisa. Yuko mjini Graz na daktari wa meno, na hunitumia miswaki. Nilipofika kumi na moja nikaletwa shule ya bweni, jengo ambalo zamani lilikuwa la watawa na bado lina baridi ya watawa. Kila wikiendi ya pili wazazi huja kuchukua watoto wao. Mimi nilichukuliwa na Bwana Kubitza.

Nikafanya nilichoweza. Niligeuza picha za wakuu wote wa shule waliotangulia, kumi na saba, zikatazama ukuta. Niliachia konokono arobaini katika chumba cha walimu, na taarifa ya shule ikasema walikuwa zaidi ya mia, jambo lililonipa moyo. Mwaka jana wasichana kumi na wawili, chini ya uongozi wangu, waliinua kigari cha mwalimu wa Kilatini na kukiweka juu ya ngazi za kanisa. Kila mara mkuu wa shule aliita mzazi. Kila mara Bwana Kubitza alifika na shada la maua kwa ajili ya mkuu wa shule na barua ya radhi iliyopigwa chapa vizuri.

"Safari hii umefanya nini, Rike?" aliniuliza siku ya kigari.

"Gari la mwalimu limepanda ngazi za kanisa."

"Lenyewe?"

"Lilisaidiwa."

"Gari la kampuni gani?"

"Si letu."

"Basi baba yako hatakasirika sana."

"Yeye yuko wapi?"

"Mkutanoni."

"Mkutano wa nini?"

"Mwanangu, mimi nakaa garini," alisema, na akanifungulia mlango kana kwamba mimi ndiye mjumbe wa bodi.

Ni yeye aliyeniambia, njiani siku ile, habari za Jumanne. Kila Jumanne baba hujifungia na kusoma barua za wateja wanaolalamikia milango. Haruhusu mtu mwingine azijibu. Anaandika mwenyewe, kwa mkono, kurasa mbili, tatu. "Kuna mzee mmoja wa kule kusini," Bwana Kubitza alisema, "baba yako alimwandikia kuhusu kitasa mpaka mzee akalia."

Niliangalia mashamba dirishani. Mwaka wangu wa kwanza shuleni nilimwandikia baba barua kumi na moja. Nilipata majibu kumi na moja, yote ya chapa: Henrike mpendwa, asante kwa barua yako ya tarehe fulani, nimeisoma kwa furaha, endelea na bidii. Chini, sahihi ya kijani. Ukiondoa tarehe zilikuwa zimefanana kama mayai, isipokuwa ya tisa, ambayo ilinishukuru pia kwa uaminifu wangu wa miaka mingi kama mteja.

Ndipo ikanijia kwamba tatizo langu ni moja tu. Sikuwa na mlango mbovu.

Barua ya kwanza ya Bi Brömse iliandikwa chini ya meza wakati wa somo la dini.

"Mheshimiwa," aliandika, "marehemu mume wangu Gottfried, aliyeanguka kwenye ngazi akibadilisha balbu, ameniachia gari lenu la rangi ya fedha. Naliendesha mwenyewe, namshukuru Mungu. Lakini nikifika mwendo wa themanini, mlango wa nyuma kushoto huanza kupiga mluzi. Si mluzi mkubwa. Ni kama mtu anayetaka kusema neno kisha akaghairi. Mafundi wa hapa wanasema hawasikii kitu. Sijui kama ni mlango au ni mimi."

Swantje alisoma akanitazama. "Unaandika kwa mwandiko wako mwenyewe? Hatautambua?"

"Autambue wapi?"

Swantje ni mtu wa mdomo, lakini hapo alifunga kifuniko cha gundi.

Jibu lilifika siku ya sita. Kurasa tatu. Kijani kitupu, kutoka juu mpaka chini, kwa mwandiko mdogo ulioinama mbele kama watu wanaotembea kwenye upepo. Nililisomea jibu hilo chooni, mahali pekee katika shule yetu penye faragha na kitasa kizima.

Baba hakuwa na shaka hata kidogo na Bi Brömse. Mafundi wanaosema hawasikii, aliandika, ni watu wanaosikiliza redio wakiwa kazini. Alitaka kujua: mluzi huongezeka mvua ikinyesha? Upepo ukitoka kushoto? Na je, garini huwa na abiria, au huwa yuko peke yake? Maana uzito wa mtu hubadilisha jinsi mlango unavyokaa.

"Huwa peke yangu," Bi Brömse alijibu.

"Na mimi huwa peke yangu," baba aliandika, "kiti cha nyuma, kulia. Nasikia mambo ambayo wenye familia garini hawasikii."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Vuli nzima walikuwa wakiandikiana, barua moja kwa wiki, wakati mwingine mbili. Baba alimpa majaribio. Afunge mlango na kipande cha karatasi katikati, kisha akivute, aeleze kinavutika kwa nguvu gani juu, katikati na chini. Mimi na Swantje, tusio na gari, tulifanyia jaribio hilo gari la dobi la shule, tukakamatwa na mama dobi tukiwa tumejaza karatasi kwenye milango yake yote minne.

"Mnafanya nini nyinyi washenzi?"

"Utafiti, mama," nikasema.

"Utafiti wa nini?"

"Wa upweke," akasema Swantje, akafukuzwa na fagio.

Katikati ya maelezo ya bawaba na raba za kuziba milango, baba alianza kusimulia mambo mengine. Sijui kama alijua anasimulia. Alimwambia Bi Brömse juu ya mlango wa kwanza aliouning'iniza, akiwa na miaka kumi na saba, na msimamizi wake Bwana Pohl aliyeufunga mara moja, akavua kofia, akampiga nayo kisogoni, akasema: "Tena." Aliufanya mara thelathini na moja. Ya thelathini na mbili Bwana Pohl hakusema kitu, akaivaa kofia. Baba aliandika kwamba tangu siku hiyo amepewa nishani mbili na zulia la ofisini, na hakuna iliyofikia kofia ile.

Alimwambia kwamba anakula mchana mezani kwake, mkate na jibini, kwa sababu akishuka kantini watu husema "Mlo mwema, Bwana Lütkemeyer," wanatabasamu, halafu dakika mbili baadaye meza nzima inakumbuka ina kazi. Alimwambia kwamba Jumapili hukaa garini mle mle nyumbani, ndani ya gereji, kwa kuwa ndicho chumba pekee ambacho anajua kila sauti yake.

Nilikuwa nimemzaa Bi Brömse kwa kicheko. Kufikia Desemba nilikuwa nasubiri baiskeli ya mleta barua kama mchumba. Swantje aliacha kuzisoma. "Siyo za kwangu hizi," alisema.

Likizo ya Krismasi nilikaa na baba siku tisa. Tulikula bata. Aliniuliza hisabati inaendaje, nikamwambia inaenda. Aliniuliza kama nataka bata zaidi. Usiku wa tarehe ishirini na saba nilisikia kalamu yake ikikwaruza ofisini, na niliporudi shuleni nikaikuta: kurasa nne kwa Bi Brömse, akimtakia heri na kumwomba asiendeshe kwenye barafu.

Januari nikafanya ujinga. Bi Brömse akamwuliza baba kama ana watoto.

"Ninaye binti," baba aliandika, "na kwa bahati anasoma mji huo huo unaokaa wewe. Labda umemwona, ni mrefu, anatembea haraka. Naambiwa ni mtundu. Barua zake zilikuwa zikifika ofisini, Bi Tiedemann katibu wangu alizishughulikia vizuri sana, kisha zikaacha kuja, nikachukulia kwamba anafurahi. Akiwa mezani nami namwuliza hisabati, naye ananijibu hisabati, halafu tumemaliza. Wewe unaniandikia kuhusu mlango na najua cha kusema. Yeye sijui ana mlio gani."

Siku hiyo sikwenda kula. Ilikuwa supu ya dengu na soseji, ninayoipenda.

Katikati ya Februari ilifika barua ya wino wa buluu.

Niliijua kabla ya kuifungua, kwenye bahasha tu, nikakaa chini pale pale kwenye ngazi ya nyumba ya bawabu. Watu wa Kiwandani hawahitaji kusomewa jambo la namna hiyo. Kijani kimegeuka buluu, basi mtu ameshuka ghorofa zote kumi kwa mpigo.

Ilikuwa hivi. Mwenyekiti mpya alitaka milango myepesi zaidi, kilo nne kila mmoja. Mlango mwepesi ukifungwa hulia kama kopo. Kwa hiyo vijana wa mwenyekiti wakaficha spika ndogo ndani yake, na kila ulipofungwa spika ikatoa mlio mzito, mzuri, wa mlango wa zamani. Mlio wenyewe ulirekodiwa kutoka kwenye mlango aliotengeneza baba. Siku ya majaribio wajumbe wote walifunga na kufungua na kupiga makofi. Baba aligeuka, akawapa mgongo, akaomba wafunge tena. Kisha akasema: "Huyu anaigiza." Karatasi ya kuidhinisha ilihitaji sahihi yake. Hakutia.

"Alhamisi walinishukuru kwa miaka thelathini na minane," aliandika. "Gazetini imetoka kwamba nimeondoka kwa hiari yangu. Bwana Kubitza alinifikisha nyumbani, akatoa mizigo yangu, akaondoka na gari kwa sababu gari ni la Kiwanda. Nilibaki njiani na mmea kwenye chungu. Unajua, Bi Brömse, mimi sijawahi kununua gari. Nilikuwa nikipewa, kila miezi sita, jipya. Jana nilikwenda kwa muuzaji na kijana akaniuliza nataka gari la kwenda wapi. Nikamwambia nitafikiri.

"Sasa nina muda. Jumamosi nitafika kwa treni ya saa nane na dakika nne mchana, nitakurekebishia mlango wako mwenyewe. Usihangaike na keki."

Nilimkimbilia Swantje, aliyekuwa akipaka kucha rangi ya kijani, ambayo nilimwamuru aifute.

"Anakuja," nikasema.

"Nani?"

"Baba. Kwa bibi."

Swantje alifikiri kwa utulivu wa daktari. "Muue."

"Nini?"

"Bibi. Muue. Ana miaka themanini na moja, hakuna atakayeshangaa. Leo Jumatano, ukituma tangazo la msiba leo Ijumaa amelipata. Hatakuja, hatajua, hutafukuzwa."

Lilikuwa shauri zuri, na mimi ni mtu wa kupokea mashauri mazuri. Nilichora mpaka mweusi kuzunguka karatasi. Niliandika kwamba imempendeza Mungu kumwita Adelheid Brömse, mjane wa Gottfried, ghafla na bila maumivu. Niliandika vizuri mno. Kisha nikamwona baba akilipokea, amesimama barazani kwetu na ule mmea wake wa kwenye chungu, na nikahesabu ni nani mwingine aliyekuwa akimwandikia. Sikufika moja.

Nikimuua bibi, baba angebaki bila mtu. Nikimwacha hai, baba angefika kwenye mlango wa nyumba tupu. Nililichana tangazo. Nilikuwa nimemtaka aje kwa miaka mitano, na sasa anakuja, kwa mtu mwingine.

Jumamosi nilisimama nyuma ya ua wa nyumba ya bawabu tangu saa saba na nusu. Alitokea barabarani saa nane na robo, kwa miguu, kanisa likiwa nyuma yake. Sikuwahi kumwona baba akitembea umbali wowote mrefu kuliko kutoka kwenye gari hadi mlangoni. Alionekana mfupi. Alishika begi la vifaa, na begani alining'iniza raba nyeusi ya mlango, mpya, imeviringwa na kufungwa kwa uzi. Alikuwa amevaa tai.

Alisoma sanduku la barua. Akaweka begi chini, na kwa ukucha wa kidole gumba akainyoosha ile karatasi ya jina, taratibu, mpaka ikakaa sawa na ukingo. Akabonyeza kengele, ambayo haina umeme. Akangoja. Akabisha.

Nikatoka.

"Henrike," alisema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Nasoma hapa."

"Najua unasoma hapa. Nauliza hapa, mlangoni kwa watu."

"Bi Brömse hayupo, baba."

"Amekwenda kanisani?"

"Hapana."

"Anaumwa?" Alisema hivyo haraka, na akashika raba begani.

"Haumwi. Hayupo kabisa. Ni mimi."

Alinitazama, akatazama jina, akanitazama tena. Nilitegemea angepiga kelele. Nilikuwa nimeshapanga uso wa kupokelea kelele.

"Na gari?" aliuliza.

"Hakuna gari."

"Na Gottfried?"

"Hakuna."

"Aliyeanguka akibadilisha balbu."

"Nilikuwa na haraka. Sikupata kifo kingine."

Aliketi kwenye ngazi, juu ya koti lake jema. "Nilimpigia Pohl," alisema. "Ana miaka themanini na minane, hasikii vizuri. Tuliongea saa nzima juu ya mluzi ule. Tulikubaliana ni raba ya juu, karibu na kona."

"Nisamehe, baba."

"Nani mwingine anajua?"

"Swantje. Tunalala chumba kimoja."

"Alicheka?"

"Mwanzoni."

"Na baadaye?"

"Baadaye alikataa kuzisoma."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali ripoti. Kisha alisimama, akapangusa koti, akasema treni ya kurudi ni saa kumi na dakika hamsini na mbili. Tukashuka kituoni. Nilimwomba nimbebee begi, akasema ni zito. Duka la keki lilikuwa wazi. Tulipita mbele yake bila kupunguza mwendo. Katika barua alikuwa ameniambia kwamba anapenda ya plamu, na kwamba hajaila tangu mama aondoke. Nilijua mambo mia ya aina hiyo kumhusu. Yeye kunihusu alijua mambo ya mjane.

Kituoni ubao ukasema treni imechelewa dakika arobaini. Kuna benchi moja. Tulikaa, raba katikati yetu.

"Kwa nini hukuandika kwa jina lako?" aliuliza hatimaye, akitazama reli.

"Niliandika."

"Lini?"

"Mwaka wa kwanza. Mara kumi na moja. Ulinijibu zote."

Nilikuwa na ile barua yake ya tisa mfukoni mwa koti. Sitasema nilikuwa naitembeza kwa sababu gani. Nikampa. Aliisoma polepole, midomo ikitembea kidogo, kama anavyosoma mtu barua ya mtu mwingine. Alipofika kwenye uaminifu wa miaka mingi akasimama. Alirudi juu akasoma tena.

"Kuna jalada la sahihi, la barua zinazongoja kutiwa sahihi," alisema. "Kurasa zake zina matundu katikati, ili uone kama ndani kuna barua. Jioni Bi Tiedemann hulileta. Unafungua, unatia, unafungua, unatia. Thelathini, arobaini. Mtu hasomi."

"Na hii ilikuwa humo?"

"Ilikuwa humo."

"Kati ya nini na nini?"

Swali hilo nililiuliza kwa utani, naapa. Lakini alilifikiria kwa kweli, na alipokosa jibu uso wake ulibadilika namna ambayo sikuwa na utani wa kuikabili. Aligusa sahihi kwa kidole.

"Ule mlango nilikataa kuutia sahihi," alisema. "Hii niliitia."

Aliikunja kwenye mikunjo yake ile ile, akanirudishia. Mzee mmoja alipita na mbwa. Ubao ukabadilika kuwa dakika hamsini.

"Hisabati inaendaje?" baba aliuliza, na palepale akafumba macho, maana alijisikia mwenyewe.

"Nimepata tano."

Kwetu moja ndiyo bora, na tano ni msiba. Akafumbua macho. "Tano?"

"Tano hafifu."

"Ulisema inaenda."

"Inaenda. Hukuuliza wapi."

Kitu kilimtoka puani ambacho huenda kilikuwa kicheko. Sina uzoefu nacho, siwezi kuthibitisha. Treni ilipoingia alipanda na begi lake na raba yake, akasimama kwenye kioo cha mlango, na mlango ukafungwa kwa mlio mbaya sana, tukakunja uso wote wawili, yeye ndani na mimi nje. Kisha akaondoka. Hakupunga mkono. Mimi nilipunga, kidogo, kama mtu anayefukuza nzi, ili ikitokea hakuniona niweze kukana.

Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Sanduku la barua la Bi Brömse lilipata tangazo la viti vya kupandia ngazi. Niliacha utundu, na walimu wakaniuliza kama naumwa.

Wiki ya tatu barua ilikuja bwenini, kwa jina langu. Buluu. Mistari michache, na sehemu tatu zimekatwakatwa kwa kalamu mpaka karatasi imetoboka.

"Henrike. Nimeianza mara sita. Nilikuwa najua Bi Brömse anataka nini, anataka mluzi uishe. Wewe unataka nini? Baba yako."

Nilikaa na karatasi tupu tangu chakula cha mchana. Ukurasa wa kwanza niliouandika ulikuwa wa kuchekesha sana, niseme kweli, una mkuu wa shule na bata, nikauchana. Wa pili ulianza kuwa na hekima na niligundua kuwa ni bibi anayeandika. Nikauchana nao. Nje watoto wadogo walikuwa wakichukuliwa, ilikuwa Ijumaa ya kwenda nyumbani, nami sikuwa tena na Bwana Kubitza wa kunichukua, milango ya magari ikifungwa moja baada ya nyingine, na mabweni yakawa kimya.

Niliandika: "Baba. Sipendi Jumapili za hapa. Tano ile ni kwa sababu nilikuwa naandika barua chini ya meza. Sina kitu kibovu cha kurekebishwa na sijafanya kosa lolote mwezi huu. Njoo bila sababu. Rike."

Nikaipeleka posta mwenyewe kabla sijaichana. Barua kutoka kwetu hadi nyumbani huchukua siku mbili. Leo ni ya tatu.